Kufuli Mbili Zilizokosekana: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Uganda

Kwa Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, wakuu wa idara za kompyuta na uhandisi wa programu, na wajumbe wa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyokulia nayo katika soko la Arua, kati ya Walugbara, Wanubi na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo na Sudan Kusini. Tena, Baraza la Mawaziri lilipokubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, nilijiambia kwamba mambo ya kazi yangu nayo sharti yapate kusemwa kwa lugha hiyo, hata yale magumu.

Kazi yangu ni kujenga mifumo ya programu. Nina shahada ya uhandisi wa programu kutoka chuo kimoja cha hapa nchini, na sasa niko Kampala katika timu ya watu saba. Kila mwaka tunapokea wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo kazini. Ni vijana wenye akili na bidii, na kila mwaka nawaona wakikwama palepale nilipokwama mimi. Chanzo chake nakijua. Miradi ya vikundi tunayoifanya chuoni inakufa siku ya kuwasilishwa, na somo kubwa kuliko yote linazikwa nayo. Ninachoomba ni kwamba mifumo hiyo irithishwe: darasa linaloingia lipokee mfumo uliojengwa na darasa lililotoka, liuendeshe, liurekebishe, liuendeleze, kisha liwakabidhi wanaofuata.

Nisimulie ilivyokuwa kwetu. Mwaka wa mwisho tuligawanywa sita sita. Kikundi chetu kikachagua kujenga mfumo wa vikundi vya akiba na mikopo, vile ambavyo wanachama hukutana kila wiki, wananunua hisa, kitabu kinapigwa mhuri, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanagawana. Mada ilikuwa nzuri na msimamizi aliipenda. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kukaa na kikundi chochote. Hatukuambiwa twende, na sisi wenyewe hatukujua kwamba ilitupasa. Mahitaji ya mfumo tuliyaandika hosteli, usiku mmoja, kwa kukisia.

Kazi ilifanywa na watu wawili. Mimi niliandika karibu msimbo wote, yaani maelekezo yanayoiendesha programu, na mwenzangu akaandika ripoti. Wanne waliobaki walichanga pesa za bando na za chakula, na mpaka leo siwalaumu. Mmoja alikuwa akilinda duka usiku ili alipe karo. Mwingine hakuwa na laptopu. Msimbo tulipeana kwa flashi, na usiku mmoja nakala ya zamani ilifunika mpya, tukapoteza hesabu yote ya riba tuliyokuwa tumeifanyia kazi wiki mbili. Tuliiandika upya kwa haraka na vibaya. Siku ya kuwasilisha tulipewa dakika kumi na tano. Mfumo ulifunguliwa kwenye laptopu yangu, mashine pekee ambayo uliwahi kuendeshwa. Jopo liliuliza maswali mawili kuhusu mpangilio wa ripoti, na wote sita tukapata alama sawa, alama nzuri. Hakuna aliyefungua hata faili moja ya msimbo.

Likizo nikaenda nyumbani nikamwonyesha mama. Yeye ni mwanachama wa kikundi cha sokoni tangu nikiwa shule ya msingi. Alivuta kiti, akaniangalia ninavyoingiza hisa na ninavyotoa mkopo, akafurahi kuona majina. Nikamweleza kwamba mweka hazina ana nywila yake, na akishaingia anaweza kufanya kila kitu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na kufuli mbili nyingine ziko wapi, mwanangu?"

Ninyi mliolelewa na akina mama wa vikundi mnajua alichokuwa akisema. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu. Funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguki mpaka wote wawepo, mbele ya kikundi kizima, na pesa zinahesabiwa kwa sauti. Hiyo ndiyo benki yao, na imani yote waliyo nayo imejengwa juu ya kufuli hizo. Sisi tulikuwa tumejenga mfumo ambao mtu mmoja, peke yake, usiku wa manane, angeweza kufungua sanduku akatoa kila shilingi. Muuza nyanya yeyote wa Arua angeliona kosa hilo kwa dakika tano. Miezi minane ya mradi haikutosha sisi kuliona, wala jopo halikuliona, kwa sababu mfumo haukuwahi kuwekwa mbele ya mtu mwenye sanduku.

Nilitaka kurekebisha. Lakini wenzangu walikuwa wametawanyika, idara imeshapokea ripoti yake iliyojalidiwa, na mradi umefungwa. Tena niligundua kwamba kugeuza nywila moja iwe idhini ya watu watatu kunagusa karibu kila sehemu ya mfumo: jinsi muamala unavyohifadhiwa, nini kinatokea mmoja wa watatu akiwa safarini, nani anabadilisha mwenye ufunguo aliyefariki, nini kinaonekana kwa wanachama wengine wakati idhini inasubiriwa. Maswali hayo ndiyo elimu ya juu ya ujenzi wa mifumo. Sisi tuliyafikia wakati chuo kimeshatuaga.

Kisha nikaajiriwa. Wiki ya tatu kazini nilifuta kazi ya siku mbili ya mwenzangu. Tulikuwa tumebadilisha faili ileile, nami nikalazimisha yangu iingie juu ya yake. Kiongozi wa timu hakunifokea. Alikaa nami, akanionyesha jinsi ya kuirudisha kazi hiyo kutoka kwenye historia ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, kisha akaniuliza kwa upole chuoni tulikuwa tunafanyaje. Nilikosa la kumjibu. Git imekuwapo tangu 2005, Linus Torvalds alipoiunda ili watu wengi waliotapakaa duniani waweze kufanya kazi pamoja kwenye Linux, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta), bila kufutiana. Linux yenyewe aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Sisi tulimaliza shahada nzima tukipokezana flashi.

Katika miaka yote ya kazi sijawahi kupewa ukurasa mtupu. Kila mfumo niliougusa ulikuwa na watu kabla yangu: walioandika sehemu fulani vizuri, sehemu fulani kwa pupa, wakahama kazi, wakaacha maelezo nusu au wasiache kabisa. Kusoma msimbo wa mtu usiyemjua, kuelewa kwa nini alifanya alivyofanya, na kuubadilisha bila kuwavunjia watu wanaoutegemea asubuhi ile, ndiko kunakochukua siku zangu nyingi. Chuoni sikuwahi kufanya hivyo hata saa moja. Kila kikundi kilianza upya, na kila mwaka mifumo ya hospitali, ya maktaba na ya shule ilizaliwa na kufa, ikifanana kama mapacha.

Mifumo mingi inayoheshimika duniani ilikua kwa kurithishwa vyuoni. Hifadhidata, yaani programu ya kutunza taarifa, tunayoitumia kazini kwetu ni PostgreSQL. Ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ikiitwa POSTGRES. Mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliuchukua msimbo huo ambao hawakuuanzisha wao, wakauwezesha kuelewa SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata. Mwaka 1996 ikapewa jina la sasa, na watu wa nje ya chuo wakaendelea nayo hadi leo. Lau msimbo wa mwaka 1986 ungejalidiwa na kuwekwa kabatini, hao wawili wasingekuwa na cha kupokea.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Vituo vya afya vya Uganda hutuma ripoti zao kupitia DHIS2, mfumo ambao mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na ambao sasa unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Wanafunzi wa Oslo hufanya miradi ya vikundi juu yake. UgandaEMR nayo, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vyetu vingi, imejengwa juu ya OpenMRS, ambayo pia ni ya msimbo wazi. Muuguzi wa kituo kilicho jirani na kwetu anaitumia mifumo hii kila siku, wakati mimi nilisoma miaka yote bila mtu kuniambia kwamba naweza kuifungua, kuisoma na kuchangia. Linaniuma hilo. Wanafunzi wa Oslo wanajifunza kwa mfumo unaohesabu wagonjwa wa malaria wa West Nile, eneo la kwetu Arua, na mtoto wa West Nile anajifunza kwa mfumo wa maktaba isiyokuwapo.

Uwezo upo. Mwaka 2018 Brian Gitta alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Alikuwa Mganda wa kwanza kuipata. Nyuma yake kulikuwa na timu, na kifaa walikiita kwa Kiswahili: Matibabu.

Sasa niseme namna ninavyoona jambo hili likifanyika, kwa kuwa najua mtaniuliza.

Mwanzo wa mradi, kikundi kisijenge chochote kipya. Wiki tatu za kwanza kisome mfumo kiliourithi, kiuendeshe kwenye mashine ambayo haijawahi kuuona, kiandike majaribio machache ya kiotomatiki, yanayojiendesha yenyewe kuhakikisha mfumo haujaharibika, na kirekebishe hitilafu moja ndogo. Atakayemaliza wiki hizo tatu atakuwa ameonja kazi yenyewe. Baada ya hapo waende kwa wenye mfumo, wakae nao, wasikilize, ndipo waamue cha kuongeza. Na mwisho wa mwaka sehemu ya alama itoke kwenye makabidhiano: chukueni maelezo yaliyoandikwa na kikundi, mpeni mwanafunzi wa mwaka wa chini ambaye hajawahi kuzungumza nao, muone kama ataweza kuuwasha mfumo kabla ya chakula cha mchana. Akishindwa, alama zipungue. Naamini kanuni hii moja ingebadilisha tabia za vikundi kuliko mihadhara kumi juu ya umuhimu wa kuandika maelezo.

Kuhusu alama sawa kwa watu wasiofanya kazi sawa, historia ya Git inaonyesha nani alibadilisha nini na siku gani. Itumieni, ila kwa uangalifu. Msihesabu mistari. Mwanafunzi aliyekaa na akina mama siku tatu akarudi na sentensi moja kuhusu kufuli tatu amefanya kazi kubwa kuliko aliyeandika kurasa elfu za msimbo wa mfumo usiofaa. Mimi ningependa kila mwanafunzi aitwe peke yake, afunguliwe sehemu ambayo hakuiandika yeye, aieleze, kisha abadilishe kitu kidogo hapohapo. Kikundi kikijua kwamba kitaulizwa hivyo, kitafundishana. Hata yule mlinzi wa duka angetafutiwa saa za kuketi na wenzake.

Mtasema wanafunzi ni wengi na walimu ni wachache, na ni kweli. Darasa la watu 120 lina vikundi 20. Nusu saa kwa kila kikundi kila wiki ni saa 10, na mhadhiri mwenye masomo mengine matatu hawezi kuzipata. Lakini wasaidizi wanne kutoka shahada ya uzamili, kila mmoja na vikundi vitano, watatumia saa mbili na nusu tu kwa wiki. Na sisi tuliomaliza tupo. Hakuna aliyewahi kutuita.

Msikimbilie kutatua uhaba huo kwa kufanya vikundi viwe vikubwa. Watu watatu wana njia tatu za kuzungumza wawili wawili. Sita wana njia 15. Kumi na wawili wana 66. Fred Brooks, aliyeongoza ujenzi wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa ni kuuchelewesha zaidi. Na njia za mazungumzo zikikatika, madhara yake ni makubwa. Septemba 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipoifikia sayari ya Mirihi, kwa sababu programu ya timu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi na ya timu nyingine ikazisoma kwa vipimo vya metriki. Pale walipokutana ndipo hapakuwa na mtu aliyehakikisha wanaelewana. Wanafunzi wetu wanatakiwa wajikwae kwenye makutano kama hayo wakiwa bado mikononi mwenu.

Umeme na intaneti si kizuizi kikubwa kama tunavyofikiri. Git haihitaji mtandao kila dakika: kila laptopu hubeba nakala kamili pamoja na historia yake yote, mtu anafanya kazi gizani na kuwasilisha kesho yake akifika chuoni. Kompyuta moja ya idara inatosha kuwa seva ya kuhifadhia msimbo wa vikundi vyote. Kwa wasio na laptopu, maabara ibaki wazi jioni na Jumamosi. Hilo linahitaji mlinzi na ratiba, na uamuzi wa mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuutoa.

Kuna hatari moja ambayo sitaki ipuuzwe. Mifumo inayotumika kweli ina habari za watu kweli, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Wanafunzi wasiguse majina ya wagonjwa wala salio za wanachama. Wafanyie kazi data ya kubuni, na wafundishwe kuitengeneza, maana hata kazini ndivyo tunavyofanya. Mfumo usipelekwe kwa watumiaji kabla msimamizi hajaukagua. Kufundisha hilo kwa vitendo kunashinda kulifundisha kwa kukaririsha vifungu.

Kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu nina ombi mahususi. Programu ya masomo inapoletwa kwenu kuidhinishwa upya, pamoja na maktaba na idadi ya wahadhiri, ulizeni: nionyesheni mfumo mmoja ambao umepitia mikono ya madarasa mawili. Chuo kitakachoweza kuuonyesha kitakuwa kimejibu maswali mengi kwa mara moja.

Na muda ni mfupi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024. Watoto hao wamezoea kazi za mradi, kutafuta tatizo la kijijini kwao na kulishughulikia pamoja. Wakifuata njia ya kawaida watafika kwenu mwaka 2027. Sitaki wawakute wahadhiri wakiwagawa sita sita na kuwaambia wabuni maktaba.

Mimi nimeshaanza kwa upande wangu. Msimbo wetu wa akiba na mikopo, pamoja na aibu zake zote, nimeuandikia maelezo ya kuuwasha na niko tayari kuukabidhi kwa idara yoyote itakayouomba. Naweza kuja Jumamosi mbili kila mwezi kukaa na vikundi, bila malipo, kuanzia mwaka wa masomo unaoanza Agosti. Nimezungumza na wenzangu wawili kazini, nao wamekubali.

Nimezungumza pia na kikundi cha mama. Bado wanatumia sanduku la kufuli tatu na vitabu vya mihuri, na wamekubali kuwapokea wanafunzi sita na kuwaeleza kila kitu, kwa Kiswahili au Kilugbara. Waje wiki yoyote isipokuwa ile ya mgao, kwa sababu siku hiyo kila mtu anahesabu pesa na hakuna mwenye nafasi ya kujibu maswali.

Wenu kwa heshima,
Mhandisi wa programu, Kampala